Ajali na Wajibu wa Mwenye Chombo

Katika mji wa Tanga na vijiji vya mwambao wetu, kuanzia Moa kaskazini hadi Mkwaja kusini, mtu akifa kwa gari lililopinduka, waliokuja matangani hukariri methali moja kabla kahawa haijazunguka mara ya pili, nayo ni kwamba ajali haina kinga wala kafara. Maneno haya husemwa kwa nia njema: huwafariji wafiwa, hutuliza ghadhabu, na humrudishia Mola jambo ambalo hakuna mja awezaye kulitangua. Mimi nami nimeyasema mara nyingi, nimekaa mkekani pamoja na wenzangu, nikidhani kwamba nimetamka neno la dini lisilo na upungufu. Lakini tangu nilipoanza kulitunza gari langu kwa mikono yangu mwenyewe, chini ya mwembe ulio uani kwetu Ngamiani, methali hii hunirudia kila nilalapo chali chini ya chombo kile na kulitazama tumbo lake, na swali ililoniletea sijaweza kulikwepa: mtu aliyeujua ubovu wa chombo chake akauacha, kisha chombo kikaua, je, anayo haki ya kusema kwamba ni kadari ya Mungu?

Yafaa tuanze na neno lenyewe. Ajali ni neno tulilolipokea kutoka kwa Waarabu, na kwao lina maana ya muda uliowekwa: muda wa deni kulipwa, muda wa ahadi kutimia, na zaidi ya yote muda wa umri wa mwanadamu, ambao hausogezwi mbele wala nyuma. Wazee waliotunga methali ile walikuwa wakinena habari ya muda huo. Siku ya mtu ikiwadia haizuiwi kwa ngao wala haikombolewi kwa mbuzi wa kafara. Na katika maana hii methali ni ya kweli, wala simjui mcha Mungu awezaye kuipinga. Walakini lugha haikukaa pale ilipokuwa. Zilipokuja reli na motokaa, neno lile lile likachukuliwa kuwa jina la tukio, yaani kugongana, kupinduka, kuacha njia na kuangukia korongoni. Na leo askari wa usalama barabarani anapoandika ajali katika daftari lake hakusudii muda uliofichwa katika elimu ya Mungu, bali anakusudia mahali, saa, namba za magari na idadi ya majeruhi. Maana mbili zimevaa kanzu moja. Methali iliyosemwa juu ya ile ya kwanza sasa yasomwa juu ya ile ya pili, na kwa njia hiyo, ambayo hakuna aliyeikusudia, mpira wa breki uliopasuka na tairi lililokuwa kipara vimepata kimbilio ndani ya itikadi.

Nasi watu wa mwambao hatukustahili kuingia katika kosa hili, kwa kuwa habari ya vyombo si ngeni kwetu. Karne nyingi kabla Wadachi hawajaanza kujenga reli kutoka bandari ya Tanga mwaka 1893, wazee wa Tongoni, Kigombe na Pangani walikuwa wakisafiri kwa mashua na majahazi, na elimu ya kukitunza chombo ilikuwa sehemu ya elimu ya kusafiri. Chombo kilipwelezwa pwani, na maji yalipokwisha kupwa mbao zake zikagongwa moja moja na kusikilizwa, nyufa zikakalafatiwa kwa pamba iliyotiwa mafuta, na upande wa chini ukapakwa deheni ya chokaa na shahamu ili wadudu watoboao mbao wasipate pa kuingilia. Wengi waliviita vyombo vyao Tawakali, yaani kumtegemea Mungu, na jina hilo halikumzuia nahodha kushinda juani na nyundo yake siku nyingi kabla ya kutweka. Hakuna mwalimu wa chuo aliyemwambia kwamba kwa kukalafati amemtilia Mungu shaka. Jina lilikuwa juu ya chombo na deheni ilikuwa chini yake, navyo vyote viwili vilikuwa ibada moja.

Gari lisukumalo kwa magurudumu yote manne ni chombo kigumu kukijua kuliko jahazi, kwa sababu nyufa zake aghalabu hazionekani. Tumeyapenda magari haya kwa ajili ya njia zetu. Barabara ya kwenda Pangani ilikuwa ya udongo kwa miaka mingi, na masika ikishika iligeuka uji. Ile ipandayo kutoka Muheza hadi Amani, mahali ambapo Wadachi walianzisha bustani yao ya mimea mwaka 1902, hupita msituni kwa kona na miteremko ambayo gari la kusukuma kwa magurudumu mawili huteleza juu yake kama mtu aliyevaa ndara zenye sabuni. Na juu huko Lushoto, ukiiacha lami na kuzifuata njia za vijijini, ni hivyo hivyo. Basi zimekuja Forester, RAV4, X-Trail na Escudo, zilizokwisha kutumika Japani, zikajaa katika mitaa yetu, na wengi wazinunuao hutazama rangi, viti na redio, wala hawaulizi nguvu ya injini yafikaje katika magurudumu manne.

Yafika hivi. Nguvu ikitoka katika giaboksi hugawanywa, sehemu ikabaki mbele na sehemu ikaenda nyuma kwa propela, na kila upande ikapokewa na difu, ambayo Mfaransa Onésiphore Pecqueur aliibuni katika miaka ya 1820 kwa ajili ya gari la mvuke. Kazi ya difu ni ya insafu. Kwenye kona gurudumu la nje hutembea mwendo mrefu kuliko la ndani, na difu huliruhusu kila moja lizunguke kwa kadiri ya njia yake pasipo kuacha kusukuma. Magurudumu ya mbele nayo, kwenye kona hiyo hiyo, hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwa hiyo gari lisukumalo kwa yote manne wakati wote huhitaji difu ya tatu katikati, au kifaa kingine cha kuipokea tofauti hiyo. Gari kongwe lisilo na kifaa hicho, likitiwa fowili juu ya lami kavu, hushindana lenyewe kwa lenyewe, vyuma vikajipinda mpaka kitu kikakatika.

Kutokana na hayo utaona kwamba tairi, ambalo wengi hulihesabu kuwa jambo dogo, katika gari la namna hii si jambo dogo hata kidogo. Tairi la kadiri ya kawaida lina mzingo wa karibu mita 2 na sentimita 8, nalo huzunguka yapata mara 480 kwa kila kilometa. Likiwa limelika milimita 5 kuliko wenzake, huzunguka mara 7 zaidi kwa kila kilometa, na kutoka Tanga hadi Segera, mwendo wa kilometa 70 na ushei, tofauti hufika mara 500. Sehemu ya tofauti hiyo humezwa na kile kifaa cha katikati, kikapata moto njia nzima, mafuta yake yakaungua, naye dereva akafika salama asijue kwamba amekula sehemu ya umri wa chombo. Ndiyo sababu Subaru huagiza mizingo ya matairi manne isipitane zaidi ya robo inchi. Mtu aliyenunua tairi moja la mtumba kwa kuwa moja ndilo lililopasuka hakufanya akiba.

Sasa, mtu ajifunzaye kulichunguza gari lake nyumbani hujikuta, bila ya kukusudia, katika mlango wa elimu ambao Imamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliueleza kwa urefu katika kitabu chake Ihyaa, pale anaponena habari ya tauhidi na tawakkul, yaani huko kumtegemea Mungu. Anasema kwamba sababu ambazo kwazo manufaa hupatikana zina daraja tatu: ziko za yakini, ziko za dhana yenye nguvu, na ziko za wahamu tu. Mwenye njaa aliyewekewa chakula mbele yake, kisha asinyooshe mkono kwa kudai kwamba amemtegemea Mungu, huyo kwa hukumu ya Imamu hakutawakali, bali amerukwa na akili. Na katika kujikinga na madhara husema vivyo hivyo: kulala katika njia ya mafuriko, au chini ya ukuta ulioinama, hakumo katika tawakkul, nako kumekatazwa. Kwa upande wa pili, mambo ya wahamu, kama vile kutegemea azima, kuyaacha ndiko kunakokamilisha tawakkul ya mtu.

Nilipousoma utaratibu huu kwa mara ya kwanza nilistaajabu kuona jinsi ulivyoafikiana na kazi ya uani kwangu. Haidroliki ya breki iliyoshuka chini ya alama, oili iliyotapakaa upande wa ndani wa gurudumu, pedi ya breki iliyokwisha hata chuma kikasaga chuma, haya ni ya yakini. Huu ndio ukuta ulioinama, na aketiye chini yake akisema Mungu yupo amesema kweli mahali pasipo pake. Daraja ya dhana ni pana zaidi, na ndani yake ndimo ustadi ulimo, kwani hapo mtu huongozwa na dalili. Lipeleke gari uwanjani penye nafasi, uzime redio, uzungushe usukani hadi mwisho, kisha uende polepole. Ukisikia mlio wa kugonga wa ka-ka-ka kutoka gurudumu la nje, dhana yenye nguvu ni siivii jointi, yaani kiungo kipelekacho nguvu kwenye gurudumu, na aghalabu utakuta mpira uifunikao umechanika zamani, grisi imetoka na mchanga umeingia. Ukilihisi kama kwamba limeshikwa breki, likaruka-ruka na kukataa kuzunguka, itazame transfa, ambayo ndiyo igawayo nguvu mbele na nyuma, lakini kwanza yapime matairi. Mvumo uongezekao kwa kadiri ya mwendo, na kubadilika gari likiyumba kushoto au kulia, ni beringi ya gurudumu. Kishindo kimoja kizito chini ya viti unapotoa klachi au kutia gia ni krosi ya propela iliyolegea. Wala hakuna katika hizi iliyo yakini mpaka jeki imeinua, mkono umetikisa, na jicho limeona.

Ama wahamu, uko wa namna mbili, na wa pili ni mbaya kwa sababu umevaa nguo za maarifa. Wa kwanza ni hirizi iliyoning'inizwa kwenye kioo, na jamaa yake ni stika ya Nenda kwa Usalama iliyobandikwa juu ya gari ambalo mwenyewe anajua kwamba halikukaguliwa kwa haki. Wa pili ni kubadilisha spea kwa kubahatisha: leo shokabu, kesho bushi, keshokutwa chupa ya dawa ambayo muuzaji amedai kwamba huponya kila giaboksi, na ubovu ukae pale pale. Mtu huyu huamini kwamba anazifuata sababu, kumbe amezikimbia, kwani asiyepima hana tofauti na apigaye ramli.

Nimelazimika kueleza habari yangu mwenyewe, si kwa kuipenda. Masika moja nilikuwa nikitoka Pangani, nikavuka maji yaliyopita juu ya barabara, yenye kina cha kufika katikati ya magurudumu. Nilijua wakati huo, kwa kuwa fundi mmoja alikwisha kunifundisha, kwamba difu iliyopata moto kwa mwendo mrefu ikitumbukia katika maji baridi hewa iliyo ndani yake hujikunja, na kama tundu lake la kupumulia limezibwa na matope basi huyavuta maji kupitia oili sili; na kwamba baada ya safari ya namna hiyo hapana budi boliti ifunguliwe na mafuta yatazamwe. Ni kazi ya nusu saa. Nilisema inshallah nitaangalia Ijumaa. Ijumaa ikapita, zikapita Ijumaa nyingine nyingi, na neno inshallah, ambalo ni la kumkumbuka Mungu, nikalifanya kuwa jina la uvivu wangu.

Mwezi wa tano baada ya hapo nilimchukua shangazi yangu, mjane wa mvuvi wa Kigombe, pamoja na watoto wawili wa nyumbani, kwenda kuhani msiba kwa jamaa zetu wa Amani. Tulipopita Muheza nikasikia mlio mwembamba kutoka nyuma, kama wa mbu, ukipanda nikikanyaga mafuta na kubadilika nikiachia. Nikajiambia tutafika. Tukafika, tukahani, tukala. Katika kurudi, tukiteremka kwenye kona iliyolowa, magurudumu ya nyuma yakashikwa kwa ghafula, gari likateleza ubavu na kusimama, tairi moja likiwa ndani ya mtaro na ubavu umeegemea shina la mti. Upande wa pili wa mti ule palikuwa na bonde. Watoto walilia, hakuna aliyeumia. Mimi, mikono ikinitetemeka, nikasema maneno niliyoyazoea: "Ni kadari, shangazi. Tumshukuru Mungu."

"Tumshukuru, mwanangu," akajibu. Kisha akauliza: "Ule mlio tangu Muheza, hukuusikia?"

"Niliusikia, shangazi."

"Haya," akasema, akawashika watoto mikono na kuwashusha. Hakuongeza neno, wala tangu siku ile hajanirudia habari hiyo. Lakini difu ilipofunguliwa, mafuta yakatoka meupe kama chai ya maziwa na beringi zikatoka vipande vipande, nilijua kwamba swali lake lilikuwa fatwa.

Kwani tuiangalie sharia. Kama kila tukio la kuua pasipo kukusudia lingekuwa kadari tupu isiyo na mtu ndani yake, Kurani isingeweka, katika aya ya 92 ya Suratun Nisaa, diya kwa jamaa za aliyeuawa kwa kukosea, na juu ya diya kumwacha huru mtumwa, na asiyempata afunge miezi miwili mfululizo. Wanazuoni huiita kazi hiyo kwa jina lile lile lililomo katika methali yetu: kafara. Methali yasema ajali haina kafara, na sharia yasema kuua kwa makosa kuna kafara ya miezi miwili ya saumu. Wala hapana mgongano baina ya kauli hizi mbili maadamu tumezitenga zile maana mbili za ajali. Muda wa marehemu ulikuwa umefika, naam, na hilo ni baina yake na Muumba wake. Mkono ulioacha breki bila haidroliki una hesabu yake mbali, na muda wa marehemu hauifuti hesabu hiyo. Twawezaje kumfanya marehemu kuwa wakili wa aliyemuua?

Na kuhusu kadari yenyewe, Khalifa Umar alipokuwa njiani kuelekea Sham, akafikiwa na habari kwamba tauni imeingia huko, alishauriana na watu kisha akaazimu kurudi. Abu Ubaida bin Jarrah akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Jawabu la Umar ni maarufu: kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kwa kuiendea kadari ya Mungu, kisha akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyeshuka katika bonde lenye pande mbili, mmoja wenye majani na mmoja mkavu, ambaye popote alishapo atakuwa amelisha kwa kadari. Kuyafungua mafuta ya difu Ijumaa ile kungalikuwa kadari, kama kuyaacha kulivyokuwa kadari. Hilo halikuwa kosa langu. Kosa langu ni kwamba kati ya pande mbili za bonde niliyaona majani nikalisha katika ukavu, tena nikiwa na mifugo ya watu wengine. Na ndugu zetu Wakristo wa Magila na Muheza wanalo fundisho lao lenye maana iyo hiyo: Yesu alipoambiwa ajitupe kutoka kilele cha hekalu ili malaika wamdake, alikataa, akasema kwamba Mungu hajaribiwi.

Hapa mwenye kufikiri sana aweza kuniuliza swali gumu zaidi. Huyu Ghazali ninayemtegemea ndiye yule yule ambaye, katika kitabu chake cha kuwajibu wanafalsafa, alikana kwamba moto huiunguza pamba kwa nguvu yake wenyewe. Alisema kwamba tunachokiona ni kuungua kunakofuata kugusana, na kwamba Mungu ndiye aumbaye kuungua huko kila mara. Ibn Rushd wa Kurtuba, aliyefariki mwaka 1198, alimjibu kwa ukali, akaona kwamba mwenye kuziondoa sababu ameiondoa na akili pamoja nazo. Ikiwa Ghazali ndiye mwenye haki, spana yangu ina maana gani? Nimelitafakari jambo hili siku nyingi, mikono ikiwa na grisi, na rai yangu ni kwamba mabwana hawa wawili, mzozo wao ukiwa mkubwa kama ulivyo katika madrasa, chini ya gari huafikiana. Mmoja asema chuma kisichopata mafuta husagika kwa tabia yake. Wa pili asema Mungu hukisaga kwa ada aliyojiwekea, naye haibadilishi ada yake ila kwa muujiza. Kwa wote wawili difu kavu ni difu iliyokufa. Bali naona kwamba kwa kauli ya Ghazali dhima yangu ni nzito zaidi, kwani ule mlio niliousikia tangu Muheza haukuwa mlio wa chuma tu. Ulikuwa ada ya Mungu ikinena nami kwa upole, kwa muda wa safari nzima ya kwenda na kurudi, nami nikaifanya kuwa kelele.

Je, tawakkul imebakiwa na mahali gani kwa mwenye kutazama kila boliti? Mahali pakubwa. Baada ya matairi kupimwa, breki kujaribiwa na usukani kutikiswa, bado yupo mtoto aukimbizaye mpira kuvuka barabara pale Pongwe, lipo lori la mtu mwingine ambaye hakutazama lake, liko tope jipya lililoporomoka usiku, na upo moyo wa dereva wenyewe ambao waweza kusimama wakati wowote. Haya spana haiyafikii. Mtu aliyefanya yaliyo katika uwezo wake huketi nyuma ya usukani na bismillahi yake ikawa nzima, kwa sababu anamwachia Mungu yaliyo ya Mungu. Ama yule aliyeacha kila kitu, bismillahi yake ni barua ya kuomba msamaha iliyoandikwa kabla ya kosa.

Kuna na mpaka wa upande wa pili, ambao sisi tupendao kufanya kazi nyumbani huuvuka kwa kiburi. Imepokewa kutoka kwa Mtume kwamba ajifanyaye tabibu hali hajulikani kwa utabibu, huyo ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta. Nami naiona hadithi hii kuwa imewahusu mafundi wa uani. Kutazama mafuta ya difu na kuyabadilisha kila kilometa 40,000 hivi, au mapema baada ya kuvuka maji. Kuhamisha matairi ya mbele nyuma na ya nyuma mbele kila kilometa 10,000. Kuosha tumbo la gari kwa maji baridi, sisi tukaao karibu na chumvi ya bahari ya Raskazone na Sahare. Kukagua mipira ya siivii na mipira ya breki: haya mtu mwangalifu atayajua katika miezi michache. Kuifungua transfa au giaboksi si kazi yake, na kurithi seti ya spana hakumfanyi kuwa fundi. Hata katika kazi ndogo kuna adabu yake. Difu ina boliti mbili, ya juu ya kujazia na ya chini ya kumwagia, na anayejua hufungua ya juu kwanza. Kwani akimwaga mafuta yote kisha akaikuta ya juu imeshikwa na kutu, amelifanya gari kuwa jiwe. Asiingie chini ya gari lililosimama juu ya jeki peke yake, ila liwe limewekewa stendi na vizuizi vya magurudumu. Asiinue mbele tu au nyuma tu, akawasha injini na kutia gia, kwa kuwa magurudumu yaliyobaki chini nayo husukuma, na gari litashuka kutoka katika jeki na kumwendea mtu. Wala asikubali gari lake livutwe huku magurudumu mawili yameinuliwa na mawili yakizunguka barabarani. Na lipakiwe zima juu ya lori, vinginevyo atapokea gari lenye ubovu mwingine mbali na ule wa kwanza.

Gari langu limetiwa difu nyingine, na mwanzoni mwa kila mwezi huilalia chini na kuitazama. Shangazi angali akisafiri nalo, naye hukaa kiti cha mbele. Msomaji wangu, siku utakapohudhuria matanga ya mtu aliyekufa barabarani, waombee wafiwa subira na umwombee marehemu rehema, na useme kwamba muda wake ulikuwa umefika, kwani ni kweli. Lakini watakapokwisha kuondoka wageni, ukabaki na mwenye gari, muulize kwa upole breki zile ziliangaliwa lini, na kama mlio aliusikia.